Kutoka Barabara ya Nyerere hadi Erlangen: Plastiki Inapovutwa

Kikopo cha mtindi hakihitaji ajali kubwa kupasuka. Matuta ya barabara ya kwenda Dodoma yanatosha, au kreti iliyotuliwa kwa kishindo. Katika kiwanda ninachofanyia kazi ya uhandisi, pembeni mwa Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam, ugonjwa huo tuliumaliza kwa kubadili malighafi: tuliacha polistirini yenye mpira kidogo, tukachukua yenye mpira mwingi. Mzigo ukaacha kurudishwa. Lakini vikopo vikaanza kutoka vyembamba kwenye kona za kitako, ilhali ukingo wa juu umebaki mnene. Ukikiinua kimoja mbele ya dirisha, kona zinapitisha mwanga, na ukiziminya kwa kidole zinabonyea.

Karatasi za muuzaji hazikutusaidia. Malighafi ya zamani na mpya zilikuwa na kipimo kimoja cha uyeyukaji, yaani gramu zinazotoka kwenye tundu dogo kwa dakika 10, plastiki ikiwa kwenye nyuzi 200 na kukandamizwa kwa uzito wa kilo 5. Kwa kipimo hicho hazikuwa na tofauti yoyote. Ila mashine ya kuumbia vikopo haikamui plastiki kwenye tundu. Inachukua shiti, inaipasha moto mpaka inalegea, kisha mchi unaisukuma ndani ya moldi na hewa inaibana ukutani. Kazi yote hiyo ni kuvuta, na inakwisha kwa kufumba na kufumbua. Nilitaka kuiona plastiki yetu ikivutwa mbele ya mtu anayejua kupima mvuto. Baada ya barua nyingi, maabara ya polima ya Chuo Kikuu cha Erlangen, kusini mwa Ujerumani, ilikubali nije na sampuli zangu.

Sikuwa nimewahi kutoka nje ya Afrika Mashariki. Viza niliishughulikia ubalozini, pale Umoja House, nikaazima koti zito kwa shangazi aliyewahi kuishi Ulaya, nikafunga mifuko ya chembechembe za plastiki, kila mmoja na jina lake. Uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, mkaguzi aliufungua mfuko mmoja, akazimimina chembechembe kidogo kiganjani.

“Dada, hizi ni nini?”

“Malighafi ya plastiki, kaka. Nazipeleka kupimwa.”

“Ndizo zinazotengeneza vile vikopo vya maziwa mgando?”

“Ndizo hizo.”

Akazirudisha moja moja, akaufunga mfuko vizuri kuliko nilivyoufunga mimi. Nilifurahi kuona kwamba mtu asiye wa kazi yetu aliziona kuwa kitu cha thamani.

Tulipitia Addis Ababa usiku, asubuhi tukatua Frankfurt. Hapo nilipanda treni ya kwenda Nürnberg. Ilipita kwenye misitu, ikaukuta mto Main, na karibu na Würzburg vilima vilikuwa vimepandwa mizabibu kwa mistari iliyonyooka kuanzia juu hadi bondeni. Kutoka Nürnberg hadi Erlangen ni mwendo mfupi wa treni ya mjini. Stesheni nilipokewa na mwanafunzi wa udaktari wa maabara hiyo, kijana wa Eldoret, ambaye nilikuwa nimeandikiana naye bila kujua kwamba tungezungumza Kiswahili.

“Karibu Erlangen, dada. Pole na safari.”

“Nimeshapoa. Asante kwa kuja kunipokea.”

Erlangen ni mji wa baiskeli. Zimeegemezwa kila ukuta, na wenye kuziendesha ni wazee kwa vijana, maprofesa kwa wanafunzi. Sehemu yake mpya ilianza kujengwa mwaka 1686 kwa ajili ya Wahuguenoti, Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa, ndiyo maana mitaa ya katikati imenyooka na majengo yake yana kimo kimoja. Chuo kikuu kipo hapo tangu 1743. Mwanahisabati Emmy Noether alizaliwa katika mji huu mwaka 1882. Georg Simon Ohm, ambaye jina lake tunalitamka kila tunapopima ukinzani wa umeme, alizaliwa hapa pia, mwaka 1789. Kwa mhandisi aliyesoma majina hayo ubaoni, kutembea katika barabara zao kulinipa nguvu ya kuanza kazi.

Maabara iko upande wa kusini wa mji, kwenye majengo ya uhandisi. Fundi wake ni mzee wa mikono mikubwa na maneno machache. Alizipokea chembechembe zangu, akazikausha, kisha akaziyeyusha na kuzifinyanga kuwa vijiti vya duara vyenye urefu wa milimita 25. Vijiti vya polistirini tupu vilitoka angavu, unaona upande wa pili. Vile vyenye mpira vilikuwa vyeupe pepe, kwa kuwa punje za mpira zilizomo hutawanya mwanga. Kila ncha ya kijiti mzee aliipaka gundi ya epoksi, akaibandika kwenye kishikizo cha chuma, akaiacha ikauke. Hakuharakisha hata mara moja. Gundi ikiachia katikati ya kipimo, kijiti kizima kinakuwa kazi bure.

Mashine yenyewe ni ndefu na imesimama wima. Kijiti huning'inizwa ndani ya mafuta ya silikoni yenye joto, mafuta yaliyochaguliwa uzito wake ukaribiane na wa plastiki iliyoyeyuka, ili kijiti kikishalegea kisining'inie kwa uzito wake wala kisielee. Ncha moja imefungwa kwenye kipima nguvu, nyingine inavutwa na mota. Na hapa ndipo penye ustadi: mota haivuti kwa mwendo mmoja. Kadiri kijiti kinavyorefuka ndivyo inavyoongeza mwendo, ili kila kipande cha plastiki kirefuke kwa kasi ileile mwanzo mpaka mwisho. Urefu huhesabiwa kwa kipimo cha Hencky, kinachofuata logi. Hencky 1 ni kurefuka mara 2.7, Hencky 2 ni mara 7.4, Hencky 3 ni mara 20. Kijiti cha milimita 25 kikifika Hencky 3 kimekuwa nusu mita. Kwa kasi ya 0.1 kwa sekunde, safari hiyo inachukua sekunde 30.

Mashine ya aina hii ina historia inayohusu mji huu. Joachim Meissner, aliyeanzia kampuni ya BASF kisha akawa profesa Zürich, ndiye aliyeonyesha mwishoni mwa miaka ya 1960 namna ya kuvuta plastiki iliyoyeyuka kwa kasi isiyobadilika, kwa kuishika na magurudumu yanayozunguka. Helmut Münstedt, naye akiwa BASF, alitengeneza mashine ya wima yenye bafu la mafuta, akaandika kuihusu mwaka 1979. Mwaka 1981 alichapisha utafiti wa mtiririko wa plastiki zenye mpira. Baadaye alikuja kuwa profesa Erlangen. Nilikuwa nimeyasoma maandishi yake usiku, baada ya zamu, na sasa nilikuwa nimesimama mbele ya mafuta yenye joto la nyuzi 160 nikisubiri kijiti cha plastiki yetu kiive.

Tulianza na polistirini isiyo na mpira. Mota ilipoanza kuvuta, kijiti kilikonda sawasawa urefu wote, juu, katikati na chini. Kwenye skrini mstari ulipanda polepole. Kijana wa Eldoret alikuwa ameshachora mstari mwingine, mara tatu ya mnato wa kuteleza. Hiyo ni kanuni ya Frederick Trouton wa London, aliyeonyesha mwaka 1906 kwamba kimiminika cha kawaida kikivutwa kina mnato mara tatu ya ule kinaokuwa nao kinapoteleza tabaka juu ya tabaka. Alitumia lami na vitu vya aina hiyo vyenye mnato mkubwa. Mwanzoni mistari yetu miwili ilikwenda pamoja. Ilipopita Hencky 1 ikaachana. Wa polistirini ukanyanyuka, ukazidi kunyanyuka.

“Hapo inakaza, dada,” kijana aliniambia. “Minyororo ya molekuli zake imeshikana. Ukiivuta upesi kuliko inavyoweza kujifungua, inanyooka na kukataa.”

Kukaza huko ndiyo siri ya ukuta ulio sawa. Shiti ikivutwa ndani ya moldi, sehemu inayoanza kukonda inarefuka zaidi ya jirani zake. Ikiwa plastiki inakaza, sehemu hiyo iliyokonda inakuwa ngumu kuvuta, kwa hiyo zamu ya kurefuka inawaangukia jirani ambao bado ni wanene. Plastiki inajisawazisha yenyewe. Ikiwa haikazi, palipokonda panazidi kukonda, na mahali hapo kwa kawaida ni kona ya kitako.

Kikafuata kijiti cheupe, cha malighafi tuliyokuwa tunatumia. Mstari wake ulianza juu ya ule wa kwanza. Hilo peke yake lilikuwa jibu la swali moja: mpira unaifanya plastiki iliyoyeyuka iwe nzito zaidi inapokwenda polepole. Punje zake ni polibutadini iliyofungwa kwa viungo vya kikemikali, haziyeyuki hata nyuzi 200, na zimeunganishwa na polistirini kwa minyororo iliyopandikizwa juu yake. Katika mwendo wa polepole sana zinashikilia mwili wa plastiki hadi kuonekana haitaki kutiririka kabisa. Ndiyo maana shiti yenye mpira ikiwa ndani ya oveni ya mashine yetu hailegei na kuning'inia upesi, jambo ambalo mafundi wetu wa zamu wanalipenda.

Lakini mvuto ulipoendelea, mistari ikakutana, na ule wa mpira ukabaki nyuma. Ulinyanyuka kidogo juu ya mstari wa Trouton, ukaishia hapo. Kijiti kikaanza kukonda mahali pamoja, karibu na theluthi ya juu, kikakatika wakati kile cha kwanza kilikuwa bado kinashikamana. Mzee alikitoa, akavilaza vijiti viwili sambamba juu ya karatasi nyeupe. Kimoja kilikuwa uzi wenye unene mmoja. Kingine kilikuwa na kiuno.

Nilivitazama kwa muda mrefu. Kona zetu za Dar es Salaam zilikuwa pale mezani.

Kwa nini mpira udhoofishe kukaza? Siku iliyofuata tulikaa na profesa mwenyeji, na maelezo yake yalikuwa ya wazi. Polistirini inakaza inapovutwa moja kwa moja, minyororo ikinyooka upande mmoja. Punje ya mpira hairefuki kama plastiki iliyoizunguka. Basi plastiki iliyo karibu na uso wake inalazimika kuizunguka na kuteleza, na ile iliyo katikati ya punje mbili zilizokaribiana inateleza zaidi kuliko inavyovutwa. Katika kuteleza polistirini haikazi, bali hulegea kadiri kasi inavyoongezeka. Kadiri punje zinavyokuwa nyingi ndivyo sehemu kubwa zaidi ya plastiki inavyoteleza badala ya kuvutwa. Toshiro Masuda na wenzake wa Kyoto waliliona jambo hili katika ABS, plastiki ya maganda ya televisheni na ya ndani ya friji, wakalichapisha mwaka 1990: mpira ukiongezeka, kukaza kunapungua.

Hadithi haiishii hapo, kwa sababu mpira si jiwe. Mzee alikuwa amevuta vijiti vingine viwili, kimoja polepole na kingine kwa kasi kubwa, akavipoza ghafla vikiwa vimenyooka. Kipande cha kila kimoja kilikatwa kuwa tabaka jembamba sana, kikatiwa osimiamu, kemikali inayouma mpira na kuutia weusi, mbinu aliyoianzisha Mjapani Koichi Kato katikati ya miaka ya 1960. Chini ya darubini ya elektroni, polistirini ilikuwa ya kijivu chepesi na punje za mpira nyeusi. Ndani ya kila punje mlikuwa na vipande vya polistirini vilivyonaswa wakati wa kutengenezwa, ndiyo maana mpira mchache unaweza kujaza nafasi kubwa. Punje hizi zina ukubwa wa mikroni moja hadi chache. Za ABS kwa kawaida ni ndogo zaidi, nyingi hazifiki nusu mikroni.

Punje za kijiti kilichovutwa polepole zilibaki karibu duara. Za kijiti kilichovutwa kwa kasi zilikuwa zimerefuka kama punje za mchele, zote zimelala upande wa mvuto. Nguvu ya plastiki iliyozizunguka ilikuwa imezidi ugumu wa mpira, nazo zikakubali kuvutwa. Ila mpira haukusahau. Nguvu ikiondoka wakati plastiki bado ina joto, punje hurudia umbo lake na kuvuta mwili mzima pamoja nazo. Hii ilinieleza jambo jingine la kiwandani: vikopo vinavyotolewa kwenye moldi kabla havijapoa vinajikunja ukingoni.

Hapo mtu angeweza kusema dawa ni kupunguza mpira. Nilikuwa nimekwenda Ujerumani nikiwa na jibu hilo kichwani. Lakini mpira upo kwa sababu. Kikopo kikiwa kimeganda na kugongwa, punje ndizo zinazoanzisha maelfu ya nyufa ndogo zinazomeza nguvu ya pigo, kabla ufa mmoja mkubwa haujapita kutoka ukingo hadi kitako. Polistirini tupu huganda na kuwa ngumu kuanzia nyuzi 100 kushuka chini, wakati polibutadini hubaki laini hata kwenye baridi kali kuliko friji yoyote ya dukani. Ukiupunguza mpira unawarudishia wateja wa Dodoma vikopo vinavyopasuka.

Profesa alitoa kijiti cha tatu. Kilikuwa cheupe kama chetu na mpira wake ulikuwa kiasi kilekile, ila polistirini yake ilikuwa na sehemu ndogo ya minyororo mirefu sana. Münstedt alikuwa ameshaonyesha mwaka 1980 kwamba tabia ya polistirini inapovutwa inategemea sana mgawanyo wa urefu wa minyororo, na kwamba kiasi kidogo cha ile mirefu kinaongeza kukaza kwa nguvu. Mota ikavuta. Mstari ulianza juu, kama wa kijiti chetu, lakini safari hii haukubaki nyuma. Ulinyanyuka, na kijiti kikakonda sawasawa mpaka mwisho.

“Mmeulaumu mpira kwa kosa la jirani yake,” profesa alisema kwa Kiingereza, na kijana wa Eldoret akaliweka kwa Kiswahili kwa furaha, akinitazama kuona kama nimelielewa. Nililielewa. Mpira unafanya kazi yake katika baridi, na katika joto unazuia shiti isining'inie. Gharama yake hulipwa wakati wa kuvuta, na anayeweza kuilipa ni polistirini inayouzunguka, ikiwa ina minyororo ya kutosha ya kushikilia. Kipimo cha tundu na gramu hakiwezi kuliona hilo. Kinapima plastiki ikiteleza kwenye njia fupi, kisha kinaandika tarakimu moja.

Jioni yangu ya mwisho tulitembea kando ya mto Regnitz, majani yameshaanza kuwa ya njano. Tulizungumza habari za nyumbani, na zaidi ya yote habari za vifaa. Kijana alinikumbusha kwamba siku hizi si lazima kuwa na mashine ndefu yenye bafu la mafuta. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Martin Sentmanat alibuni kifaa kidogo chenye ngoma mbili zinazozunguka pande tofauti na kuikunja sampuli ndogo, nacho hufungwa kwenye mashine ya kawaida ya kupimia mnato. “Chuo chenye mashine ile ya mzunguko,” alisema, “kimeshamaliza nusu ya gharama.”

Niliporudi Dar es Salaam hatukupunguza mpira. Tuliwaandikia wauzaji tukiuliza swali ambalo hatukuwahi kuuliza: nje ya punje za mpira, polistirini yenu ina minyororo ya urefu gani, na inakaza kiasi gani inapovutwa kwenye joto la kuumbia? Mmoja alijibu kwa mchoro. Tulijaribu malighafi yake kwenye mashine yetu, kwa joto lilelile na moldi ileile, na kona za kitako zikatoka na unene tunaoutaka bila kikopo kupoteza uimara wake kwenye kreti.

Nayaandika haya kwa ajili ya wenzangu wa viwanda vya Afrika Mashariki, wa vikopo, wa trei, wa ndani za friji, na wale wanaosaga maganda ya televisheni za zamani na kuyachanganya upya bila kujua mpira uliomo ni kiasi gani. Tunanunua kwa tani na tunachagua kwa tarakimu moja. Vyuo vyetu vya uhandisi vina vijana wanaoweza kuisoma michoro hii vizuri kama kijana wa Eldoret, wakipewa kifaa. Viwanda vichache vikichangia, kifaa cha ngoma mbili kinaweza kufungwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, au Nairobi na kuhudumia sekta nzima. Mpaka hapo, muuzaji akituletea karatasi yenye kipimo cha tundu peke yake, tumdai na mchoro wa plastiki ikivutwa kabla hatujasaini malipo.